Tusingoje Tumbo Lituambie

Somo la wiki kwa familia nzima
Maandiko: Mwanzo 38:24-26, Luka 14:28-30, Yohana 8:1-11



Somo hili nililihubiri Jumapili iliyopita katika ibada ya pili, na wengi wenu mlitazama sakafu kutoka mwanzo hadi mwisho. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nililiahirisha mara mbili. Mchungaji wetu ameniomba nililete pia kwa maandishi, ili mzazi anayeona haya kulisema aweze angalau kuliacha mezani, mahali ambapo kijana wake ataliona.

Wiki chache zilizopita, baada ya maombi ya Jumatano, mama mmoja alibaki nyuma. Amenikubalia nieleze haya, na nimeacha nje kila kitu kinachoweza kumtambulisha. Alingoja hadi watu wote wakatoka, ndipo akasema kwa sauti ya chini, "Pasta, nimepata kitu kwa mkono wa msichana wangu."

Nilidhani ni uvimbe. Nikaanza kumwuliza kama wameenda hospitali. Akatikisa kichwa.

"Si ugonjwa. Ni ile ya kupanga uzazi. Ile ya mkono. Na bado yuko kidato cha tatu."

Binti alikuwa ameungua kidogo na mafuta moto jikoni. Mama akamshika mkono ampake dawa, na vidole vyake vikagusa kitu chembamba chini ya ngozi, kama njiti ya kibiriti. Kina mama wengi mnakijua. Yeye pia alikijua, kwa sababu aliwahi kuwekewa baada ya mtoto wake wa tatu.

Alitaka mambo mawili kutoka kwangu. Kwanza, nimwite msichana mbele ya wazee wa kanisa. Pili, tuombe, na kile kitu kitolewe wiki hiyo hiyo. Akaongeza, "Na kama ni ngumu, nitakitoa mimi mwenyewe."

Nilinyamaza kwa muda mrefu, na nataka mjue ni kwa nini.

Kosa langu mwenyewe

Kabla sijaja hapa nilikuwa kiongozi wa vijana katika mji mwingine wa huku Mlima Kenya. Msichana mmoja wa kwaya alipata mimba. Ni mimi niliyesimama na karatasi na kusoma tangazo: ametolewa kwenye kwaya, atakaa kiti cha nyuma kwa miezi sita. Nilikuwa na miaka 26 na digrii ya biashara, na nilidhani nimetetea utakatifu.

Kijana aliyehusika tulimjua sote. Wakati nikisoma lile tangazo, alikuwa ameketi kwenye kinanda. Nilipomaliza kusoma, alitupigia wimbo wa sadaka.

Yule msichana hakurudi kanisani, na shuleni pia hakurudi. Sijui yuko wapi leo. Kila nikisoma Yohana 8, ambapo wanaume wanamleta mwanamke aliyefumaniwa, najiuliza swali ambalo hata mtoto wa Sunday School angeuliza: na mwanamume je? Alikuwa peke yake? Halafu nakumbuka kile kinanda.

Yuda naye alingoja tumbo

Fungua Mwanzo 38. Yuda anaambiwa kwamba Tamari, mkwewe, ana mimba, kama miezi mitatu hivi. Hakuuliza hata swali moja. Aliamuru atolewe nje achomwe moto. Ndipo Tamari akatuma muhuri, kamba na fimbo, na kusema kwamba mwenye vitu hivi ndiye mwenye mimba. Vilikuwa vya Yuda mwenyewe. Yuda akakiri kwamba yule mwanamke alikuwa na haki kuliko yeye.

Tazama mpangilio wa mambo. Kosa lilitendeka, na Yuda alilala usingizi. Tamari alikaa kwa baba yake miaka mingi akingoja ahadi ambayo Yuda hakutimiza, na Yuda alilala usingizi. Tumbo lilipoonekana, ndipo akakumbuka kwamba kuna dhambi katika familia.

Wapendwa, hivi ndivyo tunavyoishi sisi. Kwetu sisi dhambi ya ujana huanza siku tumbo linapoonekana. Bila tumbo, tunasema mtoto ni mzuri, anaimba vizuri, Mungu ni mwema.

Asilimia 5 isitudanganye

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 uligundua kwamba katika Kenya nzima, asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba. Samburu ilikuwa asilimia 50. Nyeri na Nyandarua zilikuwa asilimia 5, za chini kabisa nchini. Ukitoka hapa ukapita Nanyuki na Isiolo, utafika Samburu kabla jua halijatua. Ni mwendo wa siku moja tu, na wao ni mara kumi yetu.

Tumshukuru Mungu kwa hiyo 5. Ina maana wasichana wetu wengi wanamaliza shule. Lakini darasani kwetu tulifunzwa kwamba kampuni ikipima kitu kimoja tu, inaweza kutangaza faida huku inaelekea kufungwa. Ile asilimia 5 inahesabu matumbo. Haihesabu ni nani ameambukizwa ugonjwa, wala ni nani analazimishwa na mtu mzima kwa siri, wala ni nani amekunywa P2 mara tatu muhula huu na hana wa kumwuliza.

Na tuseme ukweli mwingine. Kupanga uzazi si jambo geni kwetu. Serikali ya Kenya ilianza mpango wake wa uzazi mwaka wa 1967. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto 8. Kufikia 2022 wastani ulikuwa 3.4. Hao wengine hawakupungua kwa maombi pekee. Kina mama mlioketi hapa mlienda kliniki, mkazungumza na waume zenu, mkapanga, na hakuna aliyewatenga. Basi tunajua haya mambo. Ila tukiulizwa na binti wa miaka 16, ghafla hatujui Kiswahili.

Msichana alichosema

Nilimwambia yule mama kwamba kutoa kitu mwilini si kazi ya pasta, na si kazi ya wembe. Nikamwomba arudi Jumamosi na binti, na mke wangu awepo. Mbele ya wazee sikumpeleka.

Jumamosi msichana alikaa akitazama mikono yake. Mama Pasta akamuuliza polepole nani alimpeleka. Ni shangazi yake, likizo ya Desemba. Shangazi alimwambia, "Usije ukatuaibisha kama binamu yako." Wakaenda kliniki fulani, akawekewa, wakanunua chipsi, wakarudi nyumbani. Hakuna aliyemweleza lolote.

Mke wangu akamuuliza, "Na unajua kinafanya nini?"

Akajibu, "Kinanizuia, Mama Pasta."

"Kinakuzuia nini?"

"Kila kitu. Mimba na ugonjwa."

Mama yake aliziba uso kwa leso. Kwa sababu kufikia hapo kulikuwa na kijana, wa rika lake, na kwa miezi kadhaa yule msichana aliamini kwamba yuko salama. Shangazi alikuwa amelilinda jina la familia kwa majirani. Mama alikuja kwangu akitaka kulilinda kanisani. Katikati ya hao wawili, hakuna mtu mzima hata mmoja aliyekuwa amezungumza na mtoto.

Jumatatu mama na binti walienda hospitali ya serikali, wakaketi na nesi zaidi ya saa nzima, na binti akapimwa. Majibu ni yake, siyaandiki hapa. Kama kile kijiti bado kiko mkononi au kimetolewa, sijauliza hadi leo. Waliamua wakiwa na maarifa, wote wawili, na hilo linanitosha. Kijana pia tulimwita, na baba yake. Safari hii kinanda kilinyamaza.

Mambo ambayo kila nyumba inapaswa kujua

Luka 14 inasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza huketi na kupiga hesabu, asije akaweka msingi na kushindwa kumaliza, watu wakamcheka. Huwezi kupiga hesabu bila namba za kweli. Mimi si daktari. Haya ni yale niliyojifunza kwa wahudumu wa afya, na ukitaka zaidi waulize wao.

1. *Kusubiri.* Neno la Mungu halijabadilika, na kanisa hili halijabadilisha mafundisho. Mwili ni hekalu, na tendo la ndoa ni la ndoa. Kijana, ukisubiri hupotezi kitu. Lakini kujua si kuruhusiwa. Ukimwonyesha mtoto barabara ya Nyeri–Karatina na kumwambia magari yanavyokimbia, hujamtuma akacheze katikati ya lami.

2. *Kijiti cha mkono.* Huwekwa chini ya ngozi ya mkono wa juu na mhudumu aliyefunzwa, baada ya sindano ya ganzi. Kipo cha miaka 3, na kipo cha miaka 5 ambacho huwa ni vijiti viwili. Hutoa homoni kidogo kidogo inayozuia yai kutoka. Kati ya wanawake 100 wanaokitumia kwa mwaka, hata mmoja ni nadra kupata mimba. Kinaweza kuvuruga hedhi: damu isiyo na ratiba, matone, au kukosa kabisa. Hakimfanyi mtu tasa, kikitolewa uwezo wa kuzaa hurudi haraka. Kinaweza kutolewa wakati wowote, lakini hospitalini.

3. *Koili.* Ile ya shaba huwekwa ndani ya mji wa mimba na hukaa miaka 10 au zaidi. Haina homoni. Inaweza kuongeza damu na maumivu ya hedhi, hasa miezi ya kwanza. Si kweli kwamba ni ya waliozaa tu.

4. *Sindano.* Ni ya miezi 3. Ukiiacha, uwezo wa kuzaa unaweza kuchelewa miezi kadhaa kurudi, lakini hurudi.

5. *P2.* Ni tembe ya dharura, ya kumezwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Haitoi mimba iliyokwisha kuingia. Si ya kumezwa kila wiki kama peremende.

6. *Sasa sikia hili vizuri.* Kijiti, koili, sindano na P2, vyote vinne, havizuii virusi vya ukimwi, kaswende wala kisonono. Hata kidogo. Kati ya njia hizi za hospitali na dukani, ni kondomu tu inayozuia mimba na magonjwa kwa pamoja, ikitumiwa vizuri na kila mara. Nayo si kinga kamili. Kwa jinsi watu wanavyoitumia kawaida, kati ya wanawake 100 wanaoitegemea peke yake, karibu 13 hupata mimba kwa mwaka. Ndiyo sababu wahudumu humwambia aliye na kijiti kwamba bado anahitaji kondomu. Yule msichana hakuambiwa sentensi hiyo moja.

7. *Akilazimishwa.* Mtu akibakwa, aende hospitali mara moja, kabla ya kuoga na kabla ya kikao chochote cha familia. Kuna dawa za kuzuia virusi vya ukimwi ambazo lazima zianzwe ndani ya saa 72 na kumezwa siku 28. Siku mbili za kubishana nyumbani zinaweza kumgharimu mtoto maisha yake yote.

8. *Chanjo.* Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa na virusi vinavyoambukizwa kwa ngono. Tangu 2019 serikali hutoa chanjo kwa wasichana wadogo kuanzia miaka 10. Mpeleke. Hata msichana anayesubiri hadi ndoa anaihitaji, kwa sababu hajui mume wake atakuja na nini.

Kijiti hakizuii mwizi

Jambo hili linanikosesha usingizi. Zamani, mtu mzima akimharibu mtoto, mara nyingine tumbo lilimfichua. Leo mtu huyo huyo anaweza kumpeleka msichana akawekewe, na kwa miaka 3 hakuna dalili yoyote. Kwa hiyo mzazi ukigundua kijiti, swali la kwanza lisiwe "Kwa nini umeniaibisha?" Uliza taratibu, "Nani alikupeleka? Kuna mtu anakusumbua?"

Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inasema mtoto aliye chini ya miaka 18 hawezi kutoa idhini. Akiwa na miaka 16 au 17, mkosaji anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 15. Akiwa kati ya 12 na 15, kisichopungua miaka 20. Haijalishi kama mkosaji ni mjomba, mwalimu, wa bodaboda, au ni mtumishi wa Mungu. Mambo ya kukaa chini ya mti, kuleta mbuzi na kufunga jambo, hayo ni kuuza mtoto. Mtoto mwenyewe, au jirani, anaweza kupiga simu 116 bila malipo.

Na msichana akipata mimba, mwongozo wa serikali wa 2020 unamruhusu kubaki shuleni na kurudi baada ya kujifungua. Serikali isiwe na neema kuliko kanisa.

Hatua za wiki hii

*Kina mama:* Zamani cucu alikuwa na jioni zake za kumfunza msichana kando ya moto. Tulipookoka tuliacha mengi, na mengine tulifanya vizuri kuyaacha. Lakini mahali pa cucu hatukuweka mtu, simu ndiyo ikakaa hapo. Tafuta saa moja wiki hii, ukimenya viazi au ukisuka nywele. Anza na hadithi yako mwenyewe.

*Kina baba:* Kila Novemba na Desemba tunalipa pesa nzuri ili vijana wetu wapashwe tohara na kufunzwa kuwa wanaume. Uliza wanafunzwa nini. Mtoto wako wa kiume akitoka pale akijua tu kwamba sasa amekuwa mkubwa, umemtuma kwa binti wa mwenzako bila maarifa na bila hofu ya Mungu. Mwambie kwamba mimba ina watu wawili, na ugonjwa pia.

*Vijana:* Ukisubiri, simama imara, hauko peke yako hata kama darasani inaonekana hivyo. Kama umekwisha kuanguka, mlango uko wazi. Njoo kwangu, au kwa Mama Pasta, au umwambie mzazi. Nenda upimwe. Yesu alimwambia yule mwanamke asitende dhambi tena, lakini kwanza aliwaondoa waliokuwa na mawe.

*Wazee wa kanisa:* Tumekubaliana kwamba hakuna msichana atakayesomewa tangazo mbele ya watu tena. Na hakuna jambo la nidhamu litakalozungumzwa bila kijana wa kiume na wazazi wake kuwepo.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Yuda alipaswa kufanya nini kabla ya mwezi wa tatu? Wewe je, nyumbani kwako?
2. Ulifunzwa na nani kuhusu mwili wako? Walikuambia ukweli?
3. Binti wa jirani akikujia na siri hii kabla ya mama yake, utafanya nini?
4. Ni neno gani katika somo hili ambalo bado huwezi kulitamka mbele ya mtoto wako? Lifanyie mazoezi hapa, kati ya ndugu.

Tuombe

Baba, tusamehe kwa sababu tulinyamaza na tukauita unyamavu huo utakatifu. Tupe midomo ya kusema na watoto wetu kabla dunia haijasema nao. Mkumbuke yule msichana wa kwaya, popote alipo usiku huu. Kama anasoma haya, ajue kwamba aliyesoma lile tangazo anamwomba msamaha. Katika jina la Yesu, amina.